Tulivyohesabu Ng'ombe Mpaka Piyaya

Mimi nimeendesha gari kwenye ukungu wa Ngorongoro huku mgeni mmoja analia nyuma yangu na mwenzake anasali kwa lugha nisiyoijua, na wote nikawafikisha hotelini supu ikiwa ya moto. Nimetoa Landikruza kwenye tope la Ndutu kwa jeki moja na mawe. Gereji yangu hapa Karatu ina mashimo mawili ya kushukia chini ya gari, na watu wenye digrii zao wanakaa kwenye benchi kusubiri nisikilize injini, mimi niliyeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu nilisomea nje ya dirisha kwa adhabu ya kuchelewa. Sioni sababu ya kuficha. Aliyeanza kwa kuosha magari ya watalii kwa ndoo ya kuazima ana haki ya kusema alipofika.

Lakini safari iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa na abiria watatu tu, wa miaka kumi na mmoja, tisa na mitano, na wote watatu wanatumia ubini wangu.

Tulikuwa tunakwenda Piyaya, kwa baba mkwe wangu. Mke wangu ni Mmaasai wa huko. Nilimpata hapa Karatu akifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya watalii, na mimi ni Mwiraqw, mtu wa mahindi na maharage. Mzee wake hakunikatalia. Alinipa binti, alininywesha chai, alinipa na kigoda nikakaa. Ila watoto walipozaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuwapa mnyama. Katika ukoo wao babu humpa mjukuu mtamba, mtamba anabaki kwenye boma la babu, anazaa, na vizazi vyake vinaitwa vya yule mtoto hata kama mtoto mwenyewe anaishi mjini na hajui kukamua. Mtoto mwenye ng'ombe pale ana kwao. Asiye naye ni mgeni aliyepita kunywa maziwa.

Mke wangu hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini mama yake alishafariki, na baba amezeeka, na nilimsikia zaidi ya mara moja akimwambia dada yake kwenye simu, "Sitaki kingine. Nataka tu wanangu wahesabiwe wa pale." Kumbuka hilo neno lake, wahesabiwe, maana mimi sikulikumbuka.

Tatizo ni kwamba tulishaalikwa mara moja, tukashindwa kufika. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mimi kufika ndiyo kazi yangu. Miaka miwili nyuma mzee alituita, akachagua mbuzi wa kuchinja, akakaa barazani kutungoja. Mimi nikajiona mjanja: nikanunua tableti Arusha, nikaijaza katuni, nikawapa watoto kiti cha nyuma nikasema starehe hiyo, tulieni. Walitulia mpaka geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Tulipoiacha lami, yule wa kiume akawa ameinamisha kichwa kwenye katuni na gari linaruka, na tumbo nalo likaanza kuruka. Akamtapikia dada yake. Dada akapiga kelele, akaitupa tableti, tableti ikampiga mdogo wao kwenye goti, na huyo wakati huo alikuwa na miaka mitatu na sauti ya king'ora. Njia panda ya Olduvai nikasimama. Mke wangu alikuwa amepakata mmoja, anampangusa mwingine, na wa tatu yuko chini ya kiti hataki kutoka. Akasema neno moja tu: "Geuza." Nikageuza.

Jioni ile shemeji yangu wa kule Piyaya alipiga simu. "Mzee anasema mbuzi ameliwa na majirani. Anasema mkwe aendelee na magari yake."

Kwa hiyo mwaka huu, mvua ziliponyesha vizuri na mzee akatuma tena neno kwamba ng'ombe wamenenepa, walete watoto wachague, shemeji aliongeza kwa sauti ya chini: "Safari hii usipofika, shemeji, hatakuita tena. Namjua."

Nikamwambia mke wangu, "Tutafika. Na hakuna atakayetapika, hakuna atakayelia, hakuna atakayeuliza tumefika."

"Wewe baba watoto, hao si wazungu. Wazungu wanakaa kimya kwa sababu wamelipa."

"Nimebeba watu zaidi ya miaka kumi. Watoto watatu watanishinda?"

"Walishakushinda."

Nilikwenda kuifungia ile tableti kabatini.

Sasa nitakwambia kitu ambacho hakipo kwenye kitabu chochote, nimekipata kwa kusafisha viti. Abiria anayetazama mbali hatapiki. Anayetazama mapajani kwake, iwe simu, iwe ramani, iwe ufumaji, huyo mwekee mfuko karibu. Kwa hiyo dawa siyo kumnyamazisha mtoto. Dawa ni kuyatoa macho yake nje ya gari na kuyaweka huko mbali, na kumpa sababu ya kutoyarudisha. Sababu ndiyo kazi. Mtoto ukimwambia tazama mandhari, atatazama dakika moja. Mpe cheo, atatazama siku nzima.

Kutoka Karatu mpaka getini kuna lami, tukacheza mchezo wa malori. Lori likitokea mbele, kila mmoja anataja limebeba nini kabla hatujapishana nalo. Njia ile malori ni ya vitunguu vya Mang'ola, ya mahindi, ya mbao, ya kreti za soda. Yule mkubwa akagundua siri mapema sana: "Lori la vitunguu linanuka kabla halijafika." Akashinda mara nne mfululizo, na mdogo wake wa kiume akaomba vioo vifungwe ili haki itendeke. Tukafunga vioo. Joto likatukaba, lakini hakuna aliyelalamika, maana walikuwa kwenye mashindano.

Getini nyani walikuwa kwenye paa la gari la watu wengine wanapekua mfuko wa mikate, hiyo ilikuwa burudani ya bure, sikuhitaji kufanya chochote. Nilikwenda na makaratasi, nikarudi, nikakuta watoto wamempa yule nyani mkubwa jina la mwalimu wao mkuu.

Msituni tulipoanza kupanda, ukungu ulishuka mpaka kwenye boneti. Pale madereva wageni wanasali. Mimi nikamteua binti mdogo kuwa mkuu wa honi. Kazi yake ilikuwa kuchungulia mbele, akiona kona anasema "Honi!" na mimi nabonyeza. Alikaa katikati ameshika viti vyetu viwili, shingo ameinyoosha kama kanga, hapepesi. Tulipiga honi kwenye kona, tukapiga honi kwenye mti, tukapigia honi nyati aliyesimama kando ya barabara, akatutazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni asiyemtaka. Mtoto akasema, "Huyo hajasikia, piga tena." Nikamwambia huyo amesikia, tumwache.

Ukingoni mwa kreta hatukusimama. Dunia nzima inasimama pale. Wanangu wamezaliwa nusu saa kutoka pale, wanasema, "Baba, twende, tutaona siku nyingine." Watu wanauza nyumba zao kuja kuona pundamilia, na mwanangu akiona pundamilia anauliza kama kuna chapati imebaki.

Tulipoteremka bonde la Malanja, ukungu ukaisha, nyasi zimejaa, kijani mpaka juu ya vilima. Mke wangu aliangalia nyuma. Watoto watatu wakavu, wameshiba, hawalii. Aliniangalia mimi kwa namna ambayo hajaniangalia tangu ile siku nilipoleta gari langu la kwanza nyumbani. Alikuwa ameamka alfajiri kukanda unga na kufunga mizigo. Akaegemeza kichwa kwenye mtandio wake dirishani, akalala.

Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa ustadi.

Lami imekwisha, ukungu umekwisha, malori hakuna. Mbele yangu kuna saa tano za vumbi na kutetemeka. Nikaona upande wa kushoto kundi la ng'ombe na wachungaji wawili. Upande wa kulia kundi jingine. Nikasema, "Haya. Wa kiume, wako ni upande wa kulia. Mdogo, wako ni kushoto. Dada mkubwa ni refa, anashika hesabu kichwani. Kila mmoja anahesabu ng'ombe wa upande wake mpaka kwa Babu. Mwenye wengi anapata soda mbili."

"Na nyumbu?" akauliza wa kiume.

"Nyumbu hawahesabiwi." Ilikuwa majira ambayo nyumbu wamejaa tambarare yote kama kunguni kwenye godoro, tungehesabu mpaka leo.

"Na punda?"

"Ukiona punda upande wako unapoteza kumi."

Basi bwana. Sijawahi kuona mchezo kama ule. Macho yote mbali, vichwa vyote juu. Tumeshuka kuelekea Olduvai, tukaipita ile njia panda ya aibu yangu hata hakuna aliyeitambua, tukashika njia ya kaskazini, milima ya Gol mbele yetu, na ndani ya gari ni namba tu. Binti mdogo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu chekechea, akawa anaimba namba, anaruka, anarudia, refa anamsahihisha, yeye anakasirika anaanza upya na kudai zile za mwanzo zisifutwe. Wa kiume alipata kundi kubwa karibu na korongo moja, akapiga kelele za ushindi, halafu nyuma ya kundi wakatokea punda sita wamebeba madumu ya maji. Nilicheka mpaka nikayumbisha usukani. Mke wangu hakuamka.

Na mimi nilikuwa najua! Hilo ndilo jambo. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wageni, sauti nimeishusha, uso nimeuweka wa huzuni kidogo kama dereva wa utalii anavyotakiwa, nikawaambia: Mmaasai hahesabu ng'ombe wake. Anamjua kila mmoja kwa rangi na pembe na mwendo, lakini kuwataja kwa namba ni kuita balaa, wapungue. Wageni walikuwa wanaandika kwenye vidaftari. Mimi nilikuwa nakula chakula kwa maneno hayo. Lakini garini mwangu, na wanangu, halikunipitia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nashangilia kwamba hakuna anayetapika.

Tulifika saa tisa na nusu alasiri. Mke wangu alikuwa ameamka kabla kidogo, akawapangusa watoto nyuso, akawakumbusha namna ya kusalimia. Walisalimia vizuri mno. Walipita mmoja mmoja mbele ya mzee, wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini. Alimgusa mkubwa, akamgusa wa pili, na kwa yule mdogo mkono ukakaa pale kidogo zaidi. Baadaye mke wangu aliniambia ni kwa sababu mtoto ana masikio ya marehemu bibi yake.

"Umefika," mzee akaniambia. Kiswahili chake ni cha mnadani, amekipata kwa kuuza ng'ombe, hakina maneno ya ziada.

"Nimefika, Baba."

"Gari haijageuka."

"Haijageuka."

Watu walicheka, nami nikacheka. Nilinyweshwa maziwa ya kibuyu, nikajisikia mkubwa. Kesho yake asubuhi watoto wangechagua.

Jua lilipoanza kushuka ng'ombe wakarudi. Mzee alisimama kwenye mlango wa boma, kwenye ile nafasi iliyoachwa katikati ya uzio wa miiba, fimbo mkononi, blanketi begani. Hivyo ndivyo anavyofanya kila jioni: anasimama na kuwatazama wanapoingia mmoja mmoja, na asiyekuwepo anamjua papo hapo. Aliwaita watoto wasimame naye. Mke wangu alinigusa mkono. Ilikuwa heshima hiyo, kuitwa mlangoni.

Vumbi likaja kwanza, kengele zikafuata, halafu ng'ombe. Wengi. Mimi mwenyewe sikutegemea. Na binti yangu mdogo, ambaye tangu Malanja alikuwa anashindwa kwa kaka yake, akaona utajiri wote ule unapita mbele ya pua yake. Akanyoosha kidole.

"Moja! Mbili! Tatu! Yule mwenye madoa, nne!"

"Wewe!" kaka yake akaruka. "Hao ni wa kulia, ni wa kwangu!"

"Gari limesimama," akasema dada mkubwa kwa sauti ya refa. "Hakuna kulia. Mdogo, endelea, uko saba."

"Nane! Tisa! Kumi!"

Akina mama waliokuja na vibuyu vya kukamulia walisimama. Mmoja alijifunika mdomo. Wachungaji walitazamana. Mke wangu alitamka kitu kwa Kimaasai, kifupi, kama mtu aliyeungua. Mzee hakupiga kelele. Aliishusha fimbo yake polepole mbele ya kile kidole kidogo, kama anavyoziba njia ndama anayetaka kupita pasipofaa, na mtoto akanyamaza kwenye kumi na sita.

"Nani amefundisha?"

Watoto wangu watatu hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya kipande cha nyama. Siku ile walikubaliana. Waligeuka pamoja, wakaninyooshea vidole pamoja.

"Baba!"

Mzee alinitazama, akawatazama ng'ombe wake, akangoja mpaka wa mwisho akaingia, akawavutia ile miiba na kufunga mlango. Mimi alinipita kama kisiki. Kwa mke wangu alisema sentensi mbili.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema kesho hakuna kuchagua. Tunywe chai, tuondoke mapema jua lisitukute njiani." Machozi yalikuwa yanamlengalenga lakini hakutaka yatoke mbele ya watu. "Mlianza wapi huo mchezo?"

"Wewe ulikuwa umelala."

"Nauliza mlianza wapi."

"Malanja."

"Malanja! Mmehesabu ng'ombe wa watu kutoka Malanja mpaka hapa?"

"Punda tulikuwa tunatoa."

"Nyamaza, baba watoto. Tafadhali nyamaza."

Nilinyamaza. Si kawaida yangu.

Asubuhi nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda nje ya uzio, anapiga mswaki wa mti, anatazama bonde. Wazee wenzake wawili wa jirani walikuwa wamekaa naye. Ningependa wasiwepo. Mimi kuomba msamaha sijazoea. Gereji yangu mteja akilalamika namwonyesha boliti aliyoilegeza mwenyewe. Lakini nilichutama mbele yake, nikajiweka chini kuliko kigoda chake.

"Baba, mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyewafundisha. Kama ni hasira, niwekee mimi, watoto waache."

Alitoa mswaki mdomoni. "Wewe hujui sisi hatuhesabu?"

"Najua."

"Umejua jana?"

"Nimejua miaka mingi. Nawaambia hata wazungu."

"Sasa kwa nini?"

Ningeweza kutunga kitu. Mdomo ninao. Lakini alikuwa ananitazama jinsi anavyotazama ng'ombe mlangoni, na nikaona kudanganya hapo ni kazi bure.

"Nilitaka watulie kwenye gari," nikasema. "Mara ya kwanza walinishinda, nikageuza. Safari hii nilitaka kufika."

Halafu mzee mmoja kati ya wale wawili akauliza kitu, na baba mkwe wangu akamtafsiria, na nikaona mabega ya yule mzee yanaanza kutikisika. Baba mkwe alijaribu kujizuia. Alishindwa. Walicheka wazee watatu mpaka mswaki ukaanguka chini.

"Mtu huyu," akasema akijifuta macho, "ana magari matatu. Ana watoto watatu. Magari anaweza."

"Magari naweza, Baba."

"Na wamehesabu njia yote? Wote?"

"Wote waliokuwa karibu na barabara."

"Hata ya huyu?" Alimnyooshea fimbo mzee wa kushoto kwake.

"Wake wako wapi?"

"Kule, karibu na korongo."

"Hao walihesabiwa, Baba. Wenye punda sita."

Yule mzee wa korongo aliacha kucheka. Baba mkwe wangu ndiyo akazidi. "Basi," akasema, akapiga goti lake kwa kofi, "balaa si yangu peke yangu. Tumegawana kutoka Malanja." Wakaanza kutaniana kwa Kimaasai, yule wa korongo anarusha mikono, na mimi bado nimechutama, miguu imekufa ganzi, sijui kama nimesamehewa au nimekuwa kichekesho tu.

Binti yangu mdogo akaja kunitafuta. Alisimama akaniegemea mgongoni, akamtazama babu yake bila woga. Watoto hawajui kwamba mtu mzima anaweza kukasirika mpaka asubuhi.

Mzee alimtazama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama kidogo kumsogelea. "Wewe. Usitaje namba. Namba hapana! Lakini jana njiani umeona ya watu, na jioni umeona ya Babu."

"Ndiyo, Babu."

"Ya Babu..." Alikohoa. "Ni kidogo?"

"Wa kwako ni wengi kuliko wote."

"Kuliko ya korongo?"

"Wale ni wachache. Kaka aliongeza wa uongo, Dada akamkatalia."

Sijui kama nitaeleza vizuri uso wa mzee. Maisha yake yote yeye na jirani huyu wametazamana ng'ambo ya lile korongo, na maisha yote hakuna aliyeweza kuuliza nani ana wengi, wala kujibu. Sasa amejibiwa, na si yeye aliyehesabu. Alikaza midomo, akatazama bonde kama mtu anayewaza mambo ya mvua. Lakini fimbo yake ilikuwa inagonga chini taratibu, tik, tik, tik. Yule mzee wa korongo alisimama akasema ana kazi kwake, akaondoka, na wote tukamuaga kwa adabu.

"Mwite mama yake," baba mkwe akaniambia. "Na hawa wengine. Ng'ombe wanatoka."

Aliwasimamisha watoto mlangoni, palepale pa jana, mikono nyuma ya mgongo, hiyo ilikuwa amri. Akawaambia watazame tu. Wakimwona wanayempenda waseme ana nini, yukoje, asionyeshwe kwa kidole. Ng'ombe walianza kutoka. Wa kiume alitaka dume kubwa, akaambiwa achague anayezaa. Dada mkubwa aliona weupe watatu, akashindwa kusema mmoja anatofautianaje na mwingine, mzee akamwambia basi hujaona. Binti mdogo alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaogopa ng'ombe wataisha.

"Yule," akasema. "Kahawia. Tumboni mweupe kama amelalia maziwa. Sikio moja limelala, moja limesimama."

Mzee aliinua fimbo, wachungaji wakamtenga yule mtamba kando. Alimtazama mnyama, akamtazama mtoto. Akasema huyo ni wa wote watatu: ndama wa kwanza wa mkubwa, wa pili wa yule wa kiume, na mama mwenyewe wa aliyemwona. Akawaombea kwa Kimaasai, akawagusa tena vichwani, na mke wangu safari hii aliyaacha machozi yatoke, hakujali watu. Mimi nilijifanya nakagua tairi. Tairi lilikuwa zima kabisa.

Wakati wa kuagana mzee aliinama dirishani kwa watoto. "Njiani hapana namba. Tafuta anayefanana na wenu. Kahawia, tumbo nyeupe, sikio moja chini. Ukimpata, mwambie baba yako apige simu."

Kwa hiyo tulirudi na mchezo ambao sikuutunga mimi, na nakiri ni mzuri kuliko wangu wote. Mke wangu hakulala. Aligeuka nyuma nusu ya safari, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote: huyo sikio limesimama, huyo tumbo la kijivu, huyo ni dume jamani mnaona nini. Waligombania rangi ya kahawia mpaka nikajua kuna kahawia ya chai, ya udongo na ya chapati iliyoungua. Hakuna aliyetapika. Hakuna aliyeuliza tumefika.

Tulipokuwa tunapanda Malanja, kundi lilikuwa linavuka barabara, nikasimama kulipisha. Watoto walikuwa upande wa pili wanabishana juu ya ng'ombe mmoja wa mbali, na mama yao anawaamua. Mbele kabisa ya boneti yangu akapita mtamba wa kahawia, tumbo jeupe, sikio moja limelala. Alikuwa yeye mtupu, pacha wa yule. Alinitazama, nami nikamtazama.

Mimi ni mtu wa kusema. Nilichokiona nasema, na nilichofanya nasema mara mbili. Lakini mchezo ungeisha pale, na mbele yetu kulikuwa na ukingo mzima wa kreta, msitu, geti na lami. Nikasubiri mkia wake upotee kwenye majani, nikaingiza gia ya kwanza, nikawauliza, "Vipi huko, mmempata?"

"Bado, Baba!" wakajibu. "Endesha polepole!"